Bahari Inaanzia Hola

Hakuna msafiri anayepitia Hola akitafuta bahari. Mji huu uko zaidi ya kilomita 100 kutoka mlango wa Mto Tana, na basi la kutoka Mombasa likishapita Malindi huipa pwani kisogo, likakata nyika hadi Minjila, kisha likapanda kaskazini sambamba na mto ambao abiria huuona kwa nadra, maana miti ya kingo huuficha. Unaposhuka Hola unakuta makao makuu ya Kaunti ya Tana River: ofisi za serikali, maduka, bodaboda waliotegea abiria chini ya miembe, mathenge iliyoteka kila kiwanja kilichoachwa, na joto linalomfanya mgeni aulize maji kabla hajauliza njia. Hata hivyo ndipo nilipotaka kuanzia safari ya kufikiri juu ya elimu ya sayansi ya bahari, kwa sababu naamini jambo hilo tumelipanga kinyume nchini mwetu. Tunaifundisha bahari pale inapoonekana, Mombasa, Malindi na Lamu, na kuiacha pale inapotengenezwa. Dai langu ni kwamba taasisi za serikali zinazopima maji na makumbusho yanayotunza kumbukumbu za bahari zikitaka kweli kushirikiana kuwaelimisha Wakenya, mahali pa kuanzia ni huku juu ya mto, na ubia wenyewe unapaswa kuwa wa namna tofauti na ule tuliouzoea.

Tuanze na mto, maana ushahidi uko ndani yake. Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya, takriban kilomita 1,000 kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya hadi Ghuba ya Ungwana. Njiani umefungwa na mabwawa matano ya umeme: Kindaruma lililoanza kazi mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabwawa haya hunasa udongo mwingi wa milimani, lakini chini yake mto hauendi mikono mitupu; unaokota udongo mpya kutoka kwenye laga na kingo zake mwenyewe, na ukifika Hola una rangi ya chai ya maziwa. Chota maji hayo kwenye glasi pale mtoni, uyaache yatulie. Punde chini ya glasi hujikusanya tope laini, jekundu likielekea kahawia, lisilo na chembe ya mchanga inayokwaruza kidole, na juu yake hubaki maji ya ukungu yanayochukua muda mrefu kusafika. Tope hilo ndilo swali la kwanza la sayansi ya bahari ambalo mtoto wa Hola angeweza kuulizwa: limetoka shamba la nani, na likifika Kipini, kwenye mlango wa mto, litafanya nini? Likizidi, hufunika nyasi za bahari na matumbawe yakakosa mwanga. Likipungua, mikoko na fuo hukosa udongo wa kujijengea, na mawimbi huanza kuzila. Mto ukivunja kingo wakati wa mafuriko huacha sehemu ya mzigo wake mashambani, na usipovunja huushusha wote hadi ghubani. Kwa hiyo kila uamuzi wa kufungulia au kufunga maji huko Masinga ni uamuzi kuhusu bahari pia, hata kama aliyeufanya anafikiria umeme tu.

Wako pia viumbe wanaoishi pande zote mbili, mtoni na baharini. Mikunga wa maji baridi, wale warefu kama nyoka ambao wengi wetu hatupendi kuwashika, wamerekodiwa katika Tana hadi kwenye vijito vya juu vinavyotoka Mlima Kenya. Mkunga hazaliwi mtoni. Wazazi wake, wakishakomaa baada ya miaka mingi katika maji baridi, hushuka hadi Bahari ya Hindi kutaga na kufa. Watafiti wengi wanaelekeza kidole upande wa mashariki ya Madagaska. Vichanga huletwa na mikondo mpaka kwenye milango ya mito, wakapanda. Kila bwawa ni ukuta mbele yao. Kamba wa Ghuba ya Ungwana hufuata utaratibu mwingine: hutaga baharini, watoto wao wakajificha na kukua kwenye vijito vya mikoko ambako maji ya mto yanachanganyika na ya chumvi, kisha wakarudi ghubani ambako nyavu zinawangoja. Anayekula mkunga Hola anakula samaki aliyezaliwa baharini, na anayeuza kamba Malindi anauza neema ambayo kwa sehemu imeshushwa na mto. Sioni namna ya kumfundisha mtoto wa yeyote kati ya hawa wawili nusu yake ya hadithi akaielewa.

Kwamba jambo hili si la darasani tu, mzozo wa kamba wenyewe unathibitisha. Tangu miaka ya 1970 meli za trola zimekuwa zikikokota nyavu katika ghuba hiyo, na kwa muda mrefu wavuvi wadogo wa Kipini, Ngomeni na Malindi walilalamika kwamba zinakata jarife zao, zinaharibu sakafu ya bahari na kutupa samaki wachanga waliokufa. Mwaka 2006 trola zikasimamishwa. Baadaye ukaja mpango wa kusimamia uvuvi wa kamba wa mwaka 2010 uliozirudisha kwa masharti, likiwamo la kufunga msimu kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31. Mabishano hayo yote yaliendeshwa kana kwamba wahusika ni wawili, mwenye trola na mwenye mtumbwi. Wa tatu hakuitwa: ni mto, pamoja na watu wanaoutumia, kuanzia wenye mabwawa, mashamba ya umwagiliaji ya Bura na Hola, hadi mfugaji anayeshusha ng'ombe kunywa. Kosa hilo ni la elimu kabla halijawa la sera. Mtu hawezi kumwita mezani mhusika ambaye hajawahi kufundishwa kuwa yupo.

Sasa tutazame elimu ya bahari tuliyonayo. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yana hazina pwani ambazo nchi nyingi zingezitamani. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, inatunza vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira Mombasa. Ilichimbuliwa chini ya maji kuanzia 1977 hadi 1980 na Makumbusho pamoja na Taasisi ya Akiolojia ya Majini ya Texas. Huko Ngomeni, kusini mwa delta ya Tana, wataalamu wa Makumbusho wakiongozwa na Caesar Bita wamekuwa wakichunguza na wenzao wa Ureno mabaki ya meli nyingine iliyobeba pembe za ndovu na vipande vya shaba, ambayo huenda ni São Jorge, mojawapo ya meli za safari ya mwisho ya Vasco da Gama mwaka 1524. Aprili 2001 trola moja karibu na Malindi ilinasa silakanti, samaki ambaye hadi 1938 wanasayansi walimjua kwa visukuku tu wakidhani ametoweka zamani za dinosaria. Huyo wa Malindi alikuwa na kilo 77, na walioandika habari zake kitaalamu walikuwa watafiti wa Makumbusho. Upande wa pili iko Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, iliyoanzishwa 1979 na yenye makao Mombasa. Inamiliki RV Mtafiti, meli ya utafiti iliyotoka Ubelgiji, na watu wake ndio waliosaidia wanakijiji wa Gazi, Kwale, kuanzisha Mikoko Pamoja mwaka 2013, mradi wa kijamii unaouza hewa ya kaboni inayofyonzwa na mikoko. Kwa hiyo pwani yetu ina wenye vitu na ina wenye vipimo. Kinachokosekana ni kuwakuta chini ya paa moja. Kumbi zetu za bahari, kwa hukumu yangu, zinasimulia bahari kama barabara ya meli, biashara na vita, na katika hilo zinafanya kazi nzuri. Lakini mgeni anaweza kutoka Fort Jesus akijua nani aliizingira ngome mwaka 1696 bila kujua kwa nini maji yaliyo chini ya kuta zake hupanda na kushuka karibu mita nne wakati wa bamvua. Na katika orodha ya makumbusho ya Pwani, kutoka Lamu hadi Mombasa, Hola haimo.

Ubia wa aina hii umejaribiwa kwingine, na mfano mmoja unastahili kuangaliwa kwa karibu. Manowari ya chuma ya Marekani, USS Monitor, ilizama nje ya Cape Hatteras usiku wa kuamkia Desemba 31, 1862, ikaonekana tena 1973, na mahali ilipolala pakatangazwa hifadhi ya kwanza ya bahari ya taifa hilo mwaka 1975 chini ya NOAA, idara ya serikali inayoshughulikia bahari na anga. NOAA haikujijengea jumba. Mwaka 1987 iliyachagua makumbusho ya The Mariners' Museum huko Newport News yatunze vitu vya meli hiyo, na mnara wa mizinga ulipoinuliwa mwaka 2002 ulipelekwa huko. Kinachonivutia ni namna somo linavyotoka lenyewe kwenye kazi. Chuma kilichokaa chumvini zaidi ya karne lazima kiloweshwe kwa miaka mingi ili chumvi itoke; mgeni anayetazama matangi hayo anajifunza kemia ya maji ya bahari bila kuambiwa kwamba yuko darasani. Mfano wa pili unaigusa Hola moja kwa moja. Huko Alpena, Michigan, NOAA na serikali ya jimbo wanasimamia pamoja hifadhi ya Thunder Bay, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye kituo chake cha elimu mjini. Alpena haina bahari. Iko kando ya Ziwa Huron, na maji yake ni baridi. Wenye hifadhi hawakuona ajabu kuweka idara ya bahari mahali pasipo na bahari, kwa sababu walichokuwa wakifundisha ni maji na watu wanaoyategemea. Najua msomaji atasema Marekani ina fedha. Ndiyo, inazo. Ila ninachokiiga hapa ni mgawanyo wa kazi, na huo haununuliwi: mwenye vipimo anatoa vipimo, mwenye ustadi wa kutunza na kusimulia anatunza na kusimulia, na mji ulio karibu na jambo lenyewe ndio unaokuwa mwenyeji.

Vipimo vya kuanzia vipo tayari. Serikali imekuwa ikisoma kina cha Tana huko Garissa tangu enzi za ukoloni, na kituo kingine kiko Garsen. Leo kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Bahari nayo ina vipima maji Mombasa na Lamu. Idara ya hali ya hewa ina rekodi za mvua. Zipange rekodi hizo ukutani katika chumba kimoja hapa Hola, mstari mmoja chini ya mwingine: mvua za milimani, kina cha mto Garissa, kina Garsen, kamba waliopatikana Ungwana. Mtoto wa darasa la saba aliye na rula anaweza kuona kwa jicho lake mwaka mto ulipofurika, akahesabu maji yalichukua siku ngapi kutoka kituo kimoja hadi kingine, na akatafuta kama mavuno ya kamba yaliitikia au la. Asipoona uhusiano, hilo nalo ni jibu, na pengine ndilo litakalomfanya aulize swali bora zaidi. Sioni kwa nini takwimu zilizokusanywa kwa kodi ya wananchi zisomwe na mtaalamu wa Nairobi na mshauri wa kigeni, lakini si na mwanafunzi ambaye nyumba ya nyanya yake ilisombwa na maji yaliyopimwa.

Pingamizi la kwanza ni la njaa. Tana River ni kaunti ya ukame unaofuatwa na mafuriko. Mwishoni mwa Aprili 2024 mashua iliyojaa watu ilipinduka kwenye maji ya mafuriko kule Mororo, mkabala wa Garissa, kwenye barabara ambayo mwezi mwingine wa mwaka ni lami kavu. Makumbusho ya sayansi ya bahari katika kaunti kama hiyo, mtu atasema, ni kumpikia mgonjwa biriani. Ningekubali kama ningekuwa naomba jumba la marumaru. Lakini habari za maji ndizo hizo hizo zinazookoa watu. Bwawa la Masinga likijaa na kumwaga, onyo hutolewa kwa wanaoishi chini, na maji hayafiki Hola siku hiyo hiyo. Muda huo wa katikati ni wa kuhamisha mifugo, mbegu na wagonjwa. Onyo humfaa anayejua kulitafsiri: kina fulani Garissa maana yake ni nini kwa shamba langu, na nina siku ngapi? Maarifa hayo hayaji kwa tangazo la redio la dakika moja. Hujengwa kwa miaka, na watu walioyazoea wakati maji yangali shwari ndio huyatumia wakati maji yamechafuka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na Hola ndipo mahali pa kulisema. Machi 3, 1959, mahabusu 85 wa kambi ya Hola walitolewa kwenda kulazimishwa kazi kwenye mradi wa umwagiliaji. Kumi na mmoja waliuawa kwa kipigo cha askari. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilieleza kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi ulipoonyesha majeraha, uongo huo ukaanguka, na mwezi wa Julai jambo likajadiliwa katika Bunge la Uingereza. Kwa hiyo mji huu una sababu ya kihistoria ya kutoamini serikali inapozungumza kuhusu maji, na haitoshi kujibu kwamba serikali ile ilikuwa ya wakoloni. Miradi ya umwagiliaji iliyofuata nayo ilikuja na ahadi kubwa. Ule wa Hola ulisimama mwaka 1989 mto ulipobadilisha mkondo na kuiacha mitambo ya pampu mbali na maji. Basi anayependekeza idara za serikali ziingie ubia wa kuelimisha watu hapa anaulizwa kwa haki: zitaeleza pia madhara ya mabwawa yao? Zitakiri palipokosewa hesabu? Au makumbusho yatakuwa kibandiko cha kupamba ripoti zao?

Jibu langu ni kwamba hatari hiyo ndiyo sababu ya kuyahitaji makumbusho, badala ya kuziachia idara zifundishe peke yake. Kazi ya makumbusho yanayojiheshimu ni kuweka ushahidi wazi mbele ya watu, pamoja na habari za nani aliukusanya, lini, kwa chombo gani, na kwa agizo la nani. Kilichoangusha uongo wa 1959 kilikuwa ushahidi wa miili ya marehemu, uliochunguzwa na daktari na kuwekwa mbele ya hakimu. Hotuba zilifuata baadaye. Ukumbi wa Hola unaoeleza mto bila kueleza kambi utakuwa umesema nusu, maana mfereji na kambi vilichimbwa na mikono ileile. Ndiyo maana ningetaka mkataba wa ubia uwe na masharti machache magumu: idara zitoe takwimu ghafi, si muhtasari uliopakwa rangi; pale rekodi ilipokatika, pengo lionekane ukutani kama pengo; na neno la mwisho juu ya kinachoonyeshwa liwe la watunza makumbusho na kamati ya wenyeji, lisiwe la idara inayoonyeshwa. Idara itakayokataa masharti hayo itakuwa imetuambia jambo la maana kuihusu, na hatutakuwa tumepoteza chochote.

Wapo watakaosema wenyeji hawahitaji kufundishwa mto wao. Wapokomo wamelima kingoni mwa Tana kwa vizazi wakifuata mafuriko, mpunga ukifuata maji yanaposhuka, migomba ikipandwa panapobaki unyevu. Waorma wanajua malka zote, zile njia za kuteremshia mifugo mtoni, na wanajua ipi hufaa mwezi gani. Wavuvi wa Kipini husoma kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, bila kufungua kitabu. Hayo ni kweli, na mtaalamu anayekuja hapa bila kuyajua atarudi na ripoti isiyomfaa mtu. Ila maarifa hayo yalikua na mto uliofurika kwa desturi yake, mara mbili kwa mwaka, na mto huo umebadilishwa. Baada ya Masinga kukamilika, mafuriko ya masika yalipungua nguvu. Kalenda ya mzee haikuwa na kosa. Mto ndio uliobadilishiwa kalenda, na aliyebadilisha hakumpa mzee taarifa. Hapo ndipo vipimo vya serikali na kumbukumbu za wazee vinapohitajiana: wazee wanaweza kusema mto ulikuwaje kabla ya 1981, na rekodi za Garissa zinaweza kuonyesha ulivyogeuka na kwa kiasi gani. Tena hili lina gharama ya damu. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano ya Wapokomo na Waorma katika delta yaliua zaidi ya watu 100, na ugomvi wa maji na malisho ulikuwa miongoni mwa vyanzo vyake. Mwaka huo huo wa 2012 delta iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Dunia iliitambua delta, huku wenye delta wakizikana. Sidai kwamba chumba chenye michoro kingezuia mapigano. Siasa na bunduki zina njia zake. Nadai tu kwamba mkulima na mfugaji hawajawahi kuwekewa mbele yao, kwa lugha wanayoielewa wote, picha moja ya mto uleule ikionyesha maji yao yanazuiwa wapi na yanapungua kiasi gani kabla hayajafika kwao.

Ukishuka kutoka Hola hadi Minjila, ukageuka mashariki kupitia Garsen na daraja la Idsowe kuelekea Witu, kisha ukaiacha barabara ya Lamu kwenda Kipini, unauona mwisho wa hoja hii kwa macho. Nchi inajaa kijani, mashamba ya mpunga na mabwawa ya viboko, halafu mikoko, halafu maji mapana ambayo bado yana rangi ya Hola. Huko Ozi wakulima wamelalamika kwa miaka kwamba maji ya chumvi yanapanda mto na kuua mpunga na miembe. Chumvi hupanda pale maji baridi yanapokosa nguvu ya kuisukuma nje. Karibu na hapo yako magofu ya Ungwana, mji wa Waswahili uliochimbuliwa na James Kirkman miaka ya 1950 na kuandikiwa kitabu kilichotoka 1966. Kwa wengi ni magofu ya misikiti na makaburi. Mimi nayaona kama maabara iliyofunguliwa bila mwalimu: mji uliosimama mahali ambapo mto, mchanga na bahari vimekuwa vikisukumana kwa karne nyingi, na ambapo mwanafunzi angeweza kupima umbali wa ufuko kutoka kwenye kuta mwaka hadi mwaka kwa kamba na vigingi tu.

Limebaki pingamizi la wenye uzoefu, kwamba ubia wa idara za serikali hufia kwenye makabati. KMFRI iko chini ya wizara moja, Makumbusho chini ya nyingine, maji chini ya ya tatu, na kaunti inajitegemea; kila mmoja atasaini, watapiga picha, na basi. Majumba nayo si dhamana. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 na iliyokuwa nyumbani kwa makumbusho yenye mfano wa mtepe uani, iliporomoka upande mmoja Desemba 25, 2020, ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Kwa sababu hiyo sipendekezi jengo wala mkataba mkubwa. Chombo cha Flipflopi, kilichoundwa Lamu kwa taka za plastiki na kuteremshwa majini 2018, kilisafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa 2019 kikisimama njiani na kufundisha watu juu ya uchafu wa bahari. Kilifanya hivyo bila ukumbi hata mmoja. Tana inaweza kuwa na kitu cha aina hiyo kinachokwenda kwa lori wakati wa ukame na kwa mashua wakati wa maji: masanduku ya vitu na michoro yanayotoka Hola kwenda Wenje, Garsen, Ngao na Kipini, na kurudi na vipimo vipya vilivyochukuliwa na wanafunzi.

Sheria haizuii. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la makumbusho na maktaba, na shughuli za uvuvi zimo katika orodha hiyohiyo, chini ya kilimo. Serikali ya Kaunti ya Tana River inaweza kutenga chumba kimoja katika mojawapo ya ofisi zake hapa Hola bila kumsubiri waziri. Mamlaka ya Rasilimali za Maji inaweza kuleta nakala za rekodi za Garissa na Garsen. KMFRI inaweza kumtuma mtafiti mmoja wa kamba na mmoja wa mashapo kila muhula. Makumbusho ya Kitaifa yanaweza kuazimisha mtunzaji mmoja kutoka Malindi au Fort Jesus kwa mwaka wa kwanza. Walimu na wazazi wa Galole, Bura na Garsen ndio wa kulidai hili katika vikao vya bajeti ya kaunti, ambavyo kwa mujibu wa sheria lazima viwe wazi kwa umma. Nendeni na swali moja lililoandikwa: takwimu za mto wetu ziko wapi, na lini zitabandikwa Hola?